Zamu ya Madam Araba Kupita Juu

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti, Madam Araba Mensima Otoo atakabidhi funguo za maabara ya zege na kustaafu, baada ya kukitumikia Chuo chetu cha Ufundi cha Nsuaanu kwa miaka thelathini na minne. Utawala umeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida hili la wafanyakazi. Nimeambiwa niandike kwa ufupi, niwe mchangamfu, na nisiwachokoze watu wa zege. La kwanza sitaliweza. La pili nitajitahidi. La tatu ni gumu, kwa sababu mimi ni mwalimu wa upimaji ardhi, na tangu chuo hiki kianze, watu wa upimaji na watu wa zege hawajawahi kukubaliana hata kuhusu saa ya chakula.

Madam Araba alizaliwa Saltpond siku ya Jumanne, kama jina lake la Araba linavyotangaza kwa desturi yetu. Mama yake alikuwa mkaushaji wa samaki, na majiko yake ya udongo yalipasuka kila msimu wa mvua. Kazi ya kuyakandika ilikuwa ya binti. Yeye mwenyewe husema uhandisi aliuanzia hapo, akiwa na tope mpaka viwikoni, akijiuliza kwa nini jiko la jirani halipasuki.

Siku alipokwenda kujiandikisha chuoni, karani alimtazama gauni lake akamwelekeza kwenye jengo la mapishi. Alikwenda. Alikaribishwa, akala wali na samaki, akashukuru, kisha akarudi kwenye foleni ya uhandisi ujenzi akiwa ameshiba. Karani akamuuliza, "Bado uko hapa, dada?" Akajibu, "Kule nimemaliza."

Alipoajiriwa hapa, maabara ya zege ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili na mashine ya kuvunjia zege ambayo ilikuwa na tabia za mama mkwe. Ukiiwasha bila adabu inagoma. Wengine tuliipiga mateke, yeye aliisafisha. Hadi leo mashine hiyo inamtii yeye, na ninawahurumia watakaobaki nayo.

Wanafunzi walimpa jina la Ishirini na Nane. Kwa wasomaji wa idara nyingine, ambao najua wapo na hawaulizi kwa aibu: zege huachwa lilowe maji kwa siku ishirini na nane ndipo nguvu yake kamili ipimwe. Kwetu hiyo ni kanuni ya kazi. Kwake ilikuwa dawa ya kila kitu. Binti mmoja wa mwaka wa pili aliachwa na mchumba wake akaja maabara analia juu ya mifuko ya saruji. Madam akamwambia, "Mpe siku ishirini na nane, mwanangu. Ukiona bado anakuuma, mlete hapa tumwingize kwenye mashine." Watu husema mvumilivu hula mbivu. Madam Araba husema mvumilivu humwagilia maji, maana kusubiri na mikono mfukoni si kuvumilia, ni kuzubaa.

Haya yote yasiwafanye mdhani tunaagana na malaika. Madam huchelewa kila kikao. Hupenda kubishana, na akishindwa kwenye hoja hubadilisha mada hadi apate anayoiweza. Chupa yangu ya shito, ile pilipili nyeusi ya mke wangu, iliazimwa maabara ya zege miaka mingi iliyopita na nimeacha kuiulizia.

Lakini kanuni yake moja hakuna aliyewahi kuishinda kwa hoja, na ndiyo iliyoipa idara yetu jina. Aliyejenga ndiye asimame chini. Darasa likijenga ngazi, paa dogo, au boriti ya mazoezi, siku ya kuweka mzigo wa kwanza, darasa zima linasimama chini yake, mwalimu akiwa wa kwanza. Mzazi mmoja aliwahi kuja kulalamika kwa mkuu wa chuo. Madam alimsikiliza, kisha akamwomba asimame naye. Hakuna mtihani wa maandishi unaomfanya kijana akague nondo mara mbili kama kujua kwamba kichwa kitakachokuwa chini ni chake.

Sasa nije kwenye daraja la Egyaakrom, kwa kuwa najua msipolikuta humu mtanifuata ofisini.

Egyaakrom, kama tunavyojua, iko ng'ambo ya kijito, nyuma ya uwanja wetu wa mpira. Zamani hizo wanawake wa kijiji walivuka na beseni za samaki kichwani wakikanyaga gogo, na gogo lilichukuliwa na maji kila mvua zilipozidi. Mwaka ule mradi wa darasa la mwisho ulikuwa kuwajengea daraja la miguu la zege kabla mvua kubwa hazijaanza.

Katika darasa hilo alikuwemo kijana aitwaye Fiifi Ansah. Fiifi alikuwa mzito wa kuelewa na mwepesi wa kubeba. Ukimfundisha jambo leo, ataitikia kwa heshima zote, na kesho atakuuliza upya kwa heshima zilezile. Alikuwa amekwisha kurudia mwaka, na kwa taratibu za wakati huo akianguka tena angeondolewa kabisa. Daraja lile ndilo lilikuwa mtihani wake. Mama yake, Mama Ekua, alikuwa mjane aliyeuza ahey kwenye lango la chuo, na hakuna mwalimu kati yetu ambaye hakuwahi kuteremsha chakula cha mchana kwa ahey yake, kile kinywaji cha mahindi yaliyooteshwa, kitamu, chenye rangi ya sukari iliyounguzwa.

Jumamosi ya kumwaga zege, gari la maji la chuo liliharibika. Kijito kilikuwepo lakini vyombo havikuwepo. Mama Ekua akasema, "Mapipa si yapo nyumbani? Chukueni." Akatoa mapipa yake ya mbao, akayasuuza mwenyewe kwa furaha, kwa kuwa mwanawe alikuwa anajenga daraja. Fiifi ndiye aliyesimamia maji na mchanganyiko. Walimwaga zege hadi jioni, wakaimba, wakala dokono, lile bumba la unga wa mahindi, na samaki, wakaenda kulala wakijiona mainjinia.

Jumatatu nilifika na darubini yangu kupima usawa wa daraja. Sikuhitaji darubini. Kidole changu kilizama kwenye zege kama kwenye unga uliokandwa.

Habari ilikimbia kijijini. Msemaji wa chifu alisema kijito hakikuombwa ruhusa ipasavyo. Mtu mwingine akasema saruji imechakachuliwa. Mkuu wa Idara wa wakati huo, Bwana Quaicoe, mtu wa maneno machache na kaptura zilizopigwa pasi, akaja, akaangalia, akabonyeza.

"Hili ni daraja au uji?"

Akafuta kidole, akatugeukia.

"Nani alisimamia mchanganyiko?"

Fiifi akainua mkono polepole.

"Wewe tena? Haya. Bomoeni. Na wewe, kijana, kafungashe."

Madam Araba alikuwa amechelewa, kama kawaida yake. Alipita katikati ya watu, akachota zege kidogo akalinusa. Kisha akaenda kwenye mapipa, akapitisha kidole ndani ya moja, akakitia mdomoni. Nilikuwa nimesimama karibu, nikauona uso wake ukibadilika. Akageuka kumtazama Mama Ekua, aliyekuwa kwenye kundi la wanawake na kibuyu cha ahey mkononi, amewaletea wanafunzi.

Ninyi mliolelewa na wapika ahey mmekwisha kuelewa. Pipa la ahey halisuguliwi. Linasuuzwa tu, maana masalia yanayobaki chini ndiyo yanayoamsha kinywaji kipya, na mpishi anayesugua pipa lake huchekwa. Mbao za mapipa yale zilikuwa zimelewa sukari ya miaka. Na sukari, hata kidogo, huizuia saruji isigande kwa wakati wake.

Madam akarudi mbele ya Mkuu. "Kuna sukari kwenye maji," alisema.

"Sukari? Ya nani?"

Mama Ekua alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Kama Madam angesema ukweli wote kwa sauti, mama yule angekuwa ndiye aliyebomoa daraja la kijiji na kumfukuzisha mwanawe, siku hiyohiyo, mbele ya wateja wake wote.

"Ya kwangu," akasema Madam Araba. "Kuonja pipa kabla ya kumwaga ilikuwa kazi yangu, sikuonja. Kama kuna wa kufungasha, tufungashe wote wawili."

Bwana Quaicoe akayatazama yale mapipa. Alikuwa mteja wao wa kila mchana. Nina hakika alielewa. Akashusha sauti.

"Araba, zege hili limekufa."

"Halijafa. Limechelewa tu. Lipe siku zake."

"Na likishindwa?"

"Likishindwa, libomoe. Fiifi aende, na mimi nirudi kufundisha uchoraji kwa mwaka wa kwanza. Maabara mpe mwingine."

Mjue kwamba mwezi uleule alikuwa anasubiri kuthibitishwa kuwa mkuu wa maabara, cheo alichokisotea tangu enzi za lile gauni na yule karani. Aliweka cheo hicho juu ya zege laini na juu ya kijana ambaye hakuna mwingine kati yetu angemwekea hata chakula chake cha mchana. Niliogopa kwa ajili yake. Nilimwambia hivyo, akanijibu nikapime mashamba.

Mbao zilizoshikilia zege ziliachwa zilivyo. Madam na Fiifi wakalifunika daraja kwa magunia, wakawa wanayalowesha asubuhi na jioni kama wanaotunza mgonjwa wa homa. Wanawake waliendelea kuvuka majini chini yake, na walipopita walimtania Fiifi: "Shemeji, mchumba wako bado hajaamka?" Naye alijibu kwa heshima zake zote, "Bado, ila anapumua."

Mama Ekua alikuwa amelisikia neno sukari, na mama si mjinga. Akafunga kibanda chake. Akaja maabara akasimama mlangoni, akashindwa kuingia.

"Madam, pipa langu limemfukuzisha mwanangu."

"Mama Ekua, pipa lako lina sukari, ndiyo kazi yake. Kuonja ilikuwa kazi yangu. Rudi jikoni, mama. Walimu wamekauka koo, na huyu Kojo wa upimaji ameanza kunywa maji, tutampoteza."

Wakacheka wote wawili, kisha wakalia wote wawili. Mimi, Kojo mwenyewe, nilijifanya natafuta kitu kabatini.

Siku ya kumwaga zege, wanafunzi walikuwa wamejaza pia vikasha vidogo vya chuma kwa mchanganyiko uleule, ili michemraba itakayotoka humo ivunjwe kupima nguvu. Baada ya wiki ya kwanza wakavunja mmoja. Ulipasuka mapema mno. Bwana Quaicoe akatikisa kichwa, akaondoka. Siku hiyo Fiifi alifungasha kweli. Nilimkuta stendi na begi lake, nikamwambia mtu wa kunishikia mti wa kupimia ameugua, kwa hiyo aache ujinga aje kufanya kazi. Madam ndiye aliyenituma, ila alinikataza kusema. Sasa anastaafu, hana la kunifanya.

Ilipofika siku ya ishirini na nane, maabara ilijaa. Bwana Quaicoe alichora kwa chaki, kwenye uso wa mashine, mstari ambao mshale ulitakiwa kuufikia. Madam akaweka mchemraba, akaifuta mashine kwa kanga yake kama anavyoifuta kila siku, akaanza kupandisha mzigo. Mshale ukapanda. Mashine ikanguruma. Fiifi alikuwa ameshika ukingo wa meza na macho ameyafumba. Mshale ukafika kwenye chaki, ukaipita, ukaendelea kupanda, na mchemraba ulipopasuka hatimaye, vumbi lilituingia machoni sote.

Fiifi akauliza, bado amefumba, "Madam, imepita?"

"Imepita, mwanangu. Funga mdomo, unakula vumbi."

Kisha mwanamke huyu, ambaye nilikuwa sijamwona akishindwa na jambo, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akajifunika uso kwa koti la maabara, akalia kwa sauti. Bwana Quaicoe akaja akasimama pembeni yake. Akasema, "Nitatuma mtu akalete ahey." Madam akajibu kutoka ndani ya koti, "Alete. Kwa ahey, pipa lile halina kosa."

Likabaki jambo la mwisho, la kusimama chini. Siku ya kufungua daraja, mvua zilikuwa zimeanza na kijito kimefika magotini. Madam Araba alikuja na kigoda cha jikoni, akakitia majini chini ya daraja, katikati kabisa, akakaa, sketi ameikusanya mapajani. Fiifi akasimama kando yake, na darasa likapanga mstari nyuma yao. Bwana Quaicoe akavua viatu, akavipanga vizuri ukingoni na soksi ndani yake, akaingia majini na kaptura yake iliyopigwa pasi.

Aliyechaguliwa kupita wa kwanza alikuwa Mama Ekua, na beseni la vibuyu vya ahey kichwani. Alitembea hadi katikati akasimama. Hakuweza kuinua mguu. Alijua nani yuko chini.

"Fiifi! Upo huko?"

"Nipo, Mama. Pita."

"Na Madam yupo?"

"Yupo. Amekaa."

"Amekaa?" Tulimsikia akicheka huku sauti inamtetemeka. "Haya. Nakuja."

Akapita, na nyuma yake wanawake wote wa Egyaakrom na beseni zao, na tangu siku hiyo hawajalowa tena.

Mengine ya Madam mnayajua. Alithibitishwa kuwa mkuu wa maabara. Alianzisha masomo ya jioni kwa waashi wa mjini waliokuwa na mikono ya dhahabu bila cheti. Wasichana walioelekezwa jengo la mapishi aliwafuata huko mwenyewe akawarudisha, wakiwa wameshakula. Na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kabla ya kuchanganya zege lake la kwanza, lazima achovye kidole kwenye maji, aonje, na aseme kwa sauti, "Hayana sukari." Wakaguzi wanaotutembelea hudhani ni tambiko. Tumeacha kuwaeleza.

Bwana Quaicoe alistaafu zamani, na anatuma salamu na samaki. Fiifi Ansah alifaulu mwaka ule, si kwa kishindo, lakini alifaulu. Akafanya kazi kwenye barabara za kaskazini, akasoma tena, polepole, akauliza maswali yake kwa heshima zilezile, akarudi kwetu kama mwalimu. Wanafunzi wagumu kuelewa humpenda kupita sote, maana hachoki kurudia. Funguo za maabara, Ijumaa, atakabidhiwa yeye.

Madam Araba, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wote uliowalowesha maji hadi wakaiva, asante. Asante kwa kuonja pipa na kumeza ulichokionja. Nimekutania miaka yote hii kwa sababu sikujua njia nyingine ya kusema nakupenda kama dada yangu, na sasa nimeisema kwenye jarida la chuo ambapo huwezi kuninyamazisha. Nyumba yako mpya iwe na kivuli cha kutosha na wageni wa kiasi, magoti yako yakuheshimu, na kama ile chupa ya shito bado ipo, nenda nayo kwa amani.

Tangazo la mwisho, na wote wanaohusika walizingatie. Sherehe ya Ijumaa haitaishia ukumbini. Nyumba ya Madam iko Egyaakrom, ng'ambo ya kijito, kwa hiyo akitoka hapa hana njia ila daraja. Mama Ekua, aliye mzee sasa lakini mkali wa kupanga watu, atakuwa upande wa pili na ahey ya mapokezi. Sisi wengine tunaombwa kuja na nguo za kulowa. Bwana Quaicoe ameuliza kama kaptura inaruhusiwa. Fiifi ameomba nafasi ya katikati, pale palipokuwa na kigoda, na hakuna aliyethubutu kushindana naye.

Ukifika katikati, Madam, simama utuite ukipenda. Tutakuwa chini. Tutaitika sote, tupo. Pita.

Kojo Amissah, Upimaji Ardhi